Mizanini: Usipochambua wewe, atachambua mwenzio

Safari hii barua nyingi zimetoka viwandani na kwenye karakana, na karibu zote zina lalamiko moja: mnunuzi wa vyuma chakavu analipa kidogo. Baadhi yenu mna haki ya kulalamika. Wengine, mtanisamehe, mnajiibia wenyewe. Kwenye kibanda cha mizani nilishuhudia mizigo ya malori ikiuzwa kwa bei ya bati lenye kutu huku ndani mna shaba, kwa sababu tu hakuna aliyeona haja ya kuweka mapipa mawili badala ya moja. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mama. Tuna karakana ndogo ya kukereza vipuri. Maranda ya chuma tunayatia kwenye mapipa, yakijaa tunamwita mnunuzi. Bei yake iko chini kuliko ya vipande vya chuma vya kawaida, na bado anakata uzito akidai mzigo una mafuta. Chuma ni chuma. Tunaibiwa au hatuibiwi? – Fundi kereza

Marahaba, mwanangu. Chuma ni chuma, lakini maranda si pande.

Pipa la maranda marefu yaliyosokotana ni hewa tupu. Lori linajaa kabla halijafika hata nusu ya uzito linaoweza kubeba, na nauli ni ile ile. Halafu tanuri nalo haliyapendi. Pande nene likitumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka linazama na kuyeyuka nacho. Maranda ni membamba, uso wake wote uko wazi kwa hewa, kwa hiyo sehemu yake huungua na kuishia mavi ya chuma, yale masalia yanayoelea juu ya tanuri na kutupwa. Mnunuzi analipia kitakachotoka tanurini, hajali ulichomwaga wewe mizanini. Kwa hiyo bei ya chini ni halali, kama si ya chini kupita kiasi.

Kukata uzito ndiko kunakohitaji ushahidi. Chukua ndoo ya maranda, ipime, mwaga maranda juu ya wavu yachuje usiku kucha, asubuhi yapime tena. Tofauti utakayoipata ndiyo hoja yako. Akitaka kukata zaidi ya hapo, mrudishie ndoo aipime mwenyewe. Bora zaidi, usimpe sababu: toboa pipa kwenye kitako, lisimamishe juu ya sinia la bati, acha maji ya kupozea yachuruzike. Hayo maji mliyanunua, yachujeni na kuyarudisha kwenye mashine. Na kama maranda yenu yanatoka marefu marefu, tumieni ncha zenye kingo za kuvunja maranda, au mrekebishe mwendo wa kisu. Maranda mafupi yanajaza pipa vizuri, hayamkati mtu mikono, na kuna wanunuzi wanaoyakandamiza yakawa matofali. Matofali hayo tanuri linayapokea kwa moyo mweupe.

Kinachonikera mimi si mafuta. Ni ile tabia ya leo kukereza bushi za shaba njano, kesho ekseli, keshokutwa kasti, yaani chuma cha kusubu, na yote kuingia pipa moja. Maranda safi ya shaba njano bei yake hukaribia ya shaba njano nzima, kwa sababu viwanda huyayeyusha moja kwa moja na kuyafanya fito mpya. Maranda safi ya kasti yana wateja wake, wale wa viwanda vya kusubu. Yakichanganyika, yote yanashuka hadi bei ya lililo duni kuliko yote. Pangeni kazi: shaba zote zikerezwe kwa mfululizo, kisha mashine ifagiliwe ndipo chuma kiingie. Punje chache za chuma zilizoingia kwenye shaba zinatolewa kwa sumaku. Punje za shaba zilizoingia kwenye chuma ni habari nyingine, nitaieleza kwenye barua inayofuata.

Halafu hukutaja ncha za karibaidi, zile mnazobadilisha zikishakuwa butu. Najua zinakwenda wapi: zinafagiliwa pamoja na uchafu. Kidonge kile ni karibaidi ya tangsteni iliyoshikamanishwa kwa kobalti, na uzito wake ni karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa ule ule. Ukikishika kiganjani unauhisi. Kilo moja ya vidonge hivyo huuzwa mara nyingi ya kilo ya chuma. Tundikeni kopo kwenye kila mashine. Biti za keekee zilizochakaa nazo ziwe na kopo lake, kwani zile za chuma cha kasi, kile kinachostahimili joto la kukata haraka, zina tangsteni au molibdeni ndani.

Neno la moto kabla sijakuacha. Maranda ya chuma yenye mafuta yakilundikwa pamoja huweza kujipasha joto bila kiberiti. Kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo ya hatari zimeyapa namba yake, UN 2793, kwenye kundi la vitu vinavyojipasha joto. Ukikuta lundo lina vuguvugu asubuhi, usilifunike turubai ukaenda zako. Litandaze nje, mbali na mbao na matambara ya mafuta. Na mkikereza magnesiamu, maranda yake yasichanganywe na kitu chochote, wala yakishika moto asije mtu akayamwagia maji. Maji yanauchochea. Wekeni karibu ile poda maalumu ya kuzimia moto wa metali.

Mama, mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Kwa nini mnawachosha watu kwa kuchambua? Si tanuri linayeyusha kila kitu, na uchafu unaelea juu unaondolewa?

Swali zuri, na nusu yake ni kweli. Kwenye tanuri la umeme linaloyeyusha vyuma chakavu hupulizwa oksijeni. Oksijeni hiyo inashika silikoni, manganizi, aluminiamu na kaboni, ambavyo hutoka ama kama gesi ama kwa kupanda juu kwenye mavi ya chuma. Zinki ya mabati inageuka mvuke, inanaswa kwenye vumbi la vichujio, na kuna viwanda vinavyoikamua tena kutoka kwenye vumbi hilo.

Shaba haitoki. Chuma chenyewe kinapenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda, kwa hiyo ukizidisha kupuliza unaunguza chuma na shaba imetulia palepale. Bati halisi, lile linalopakwa makopo, lina tabia hiyo hiyo. Mota moja iliyoachwa na koili zake ndani ya mzigo wa chuma inaingiza shaba ambayo itabaki humo leo, na itabaki humo hata nondo iliyotokana na chuma hicho itakapokuwa chakavu na kurudi tanurini. Ikizidi kiwango, chuma kikipita kwenye mashine za kubiringisha kikiwa cha moto kinapasuka pasuka juu. Dawa pekee ya kiwandani ni kukizimua kwa chuma kisafi zaidi, na chuma kisafi kinauzwa ghali.

Aluminiamu nayo ina mdudu wake, ambaye ni chuma. Skrubu na bawaba zilizosahauliwa zikiyeyuka humo, hakuna namna ya bei nafuu ya kuzitoa, na aluminiamu iliyokuwa inafaa kuwa dirisha tena inashushwa hadi kusubia vipuri vya injini. Hasara hiyo inauma, kwa sababu kuyeyusha aluminiamu chakavu kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye madini yake.

Kwa hiyo, kijana wangu, mkono wenye bisibisi unaweza kufanya jambo ambalo tanuri la nyuzi 1,600 haliwezi.

Nilipeleka mabomba na masinki ya stenlesi kutoka kiwandani kwetu. Mnunuzi akaweka sumaku, ikashika kidogo kwenye kona, akasema hii si stenlesi, akalipa bei ya chuma. Nimechoka na watu hawa. – Mtunza stoo

Pole, ndugu yangu. Kona zimekuponza. Stenlesi ya aina ya 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, kwa kawaida haishiki sumaku. Lakini ikikunjwa au kugongwa ikiwa baridi, pale palipokunjwa huanza kuvuta kidogo. Kwenye mshono wa weldingi pia. Pima kwenye uso bapa, mbali na mikunjo. Sumaku ikiteleza ikaanguka, dai bei yako.

Ikinata uso mzima, huenda ni ya aina ya 430, ambayo ni stenlesi kweli ila haina nikeli. Bei ya stenlesi inafuata nikeli, ndiyo maana hiyo inalipwa kidogo. Kwa upande mwingine, mabomba ya viwanda vya kemikali mara nyingi ni 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hayo hayafai kuuzwa pamoja na masinki. Jicho halitofautishi 304 na 316. Mnunuzi mkubwa ana bunduki ya eksirei inayosoma metali kwa sekunde chache, basi mwambie aifyatue mbele yako na usome kioo mwenyewe. Asiyekuwa nayo hana ubavu wa kukwambia hii si stenlesi.

Shikamoo Bibi. Mimi na wenzangu tunachoma nyaya ili tupate shaba. Watu wanatusema. Lakini kuchuna kwa kisu waya mmoja mmoja ni kazi ya kutwa nzima. – Kijana wa nyaya

Marahaba, mjukuu wangu. Wanaowasema wana haki. Ile plastiki ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, na pamoja nayo dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Mnaivuta ninyi kwanza, kabla ya hao wanaolalamika.

Ila najua afya haimshawishi kijana, kwa hiyo tuongee bei. Shaba iliyochunwa, inayong'aa, ndiyo daraja la juu kabisa kwenye mizani yoyote. Iliyochomwa inatoka nyeusi, imekakamaa, nyuzi nyembamba zimeliwa na moto, na inashushwa daraja papo hapo. Uzito umepungua na bei ya kilo imepungua. Mnapigwa mara mbili, tena baada ya kupoteza usiku.

Nyaya nene zichuneni, kuna vifaa vya mkono vyenye kisu na magurudumu ambavyo unapitisha waya unatoka umepasuliwa upande mmoja. Nyembamba ziuzeni na ngozi yake kwa mwenye mashine ya kukatakata. Mashine hiyo inasaga waya kuwa punje, kisha inatenganisha kwa hewa au maji: shaba ina uzito wa karibu mara 9 ya maji, plastiki ile haifiki hata mara 2, kwa hiyo kila kimoja kinakwenda upande wake. Kabla hujalipia mzigo wa nyaya, kwangua ncha moja kwa kisu. Siku hizi kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, nyekundu nje, nyeupe ndani.

Na waya uliokatwa jana kwenye nguzo, mwenye msumeno bado anatoka jasho, msiuguse. Mizani nzuri inauliza mzigo umetoka wapi.

Habari Mama. Mimi ni meneja wa uzalishaji. Kampuni tatu zinataka mkataba wa mwaka mzima wa kuchukua vyuma chakavu vyetu. Ya kwanza inatoa bei moja kwa kilo kwa kila kitu. Ya pili inalipa asilimia ya bei ya soko la metali la London. Ya tatu inasema itasafisha uwanja wetu bure, hatulipi na hatulipwi. Wakubwa wangu wanaipenda ya tatu kwa kuwa haina usumbufu. Nifanyeje?

Habari ni njema, ndugu meneja. Anza na hiyo ya bure. Nenda uwanjani kwako na daftari, kabla hawajaja, uandike kilichoko: mota ngapi, nyaya, transfoma, paneli za umeme, vipuri vya shaba njano, betri za foklifti. Kontakta kubwa za paneli, zile swichi nzito za umeme, zina vidoto vya fedha kwenye migusano yake. Anayejitolea kusafisha bure ameshapita getini akachungulia.

Bei moja kwa kila kitu ni ile ile hadithi ya fundi kereza hapo juu. Hakuna mfanyabiashara atakayeweka bei hiyo juu ya kitu cha bei ya chini kuliko vyote mlicho nacho. Yeye atachambua akifika kwake, na faida ya kuchambua itakuwa yake. Si wizi, ni kazi mliyokataa kuifanya.

Ya pili ndiyo ya kuzungumza nayo, lakini kwa macho mawili. Soko lile la London lipo tangu 1877 na bei zake zinasomwa duniani kote, ila bei ya shaba inayotangazwa pale ni ya shaba iliyosafishwa, vibamba vilivyo karibu safi kabisa, wala si koili za mota zako. Kwa hiyo asilimia lazima iandikwe kwa kila daraja peke yake. Ukiona asilimia moja tu kwenye mkataba, umerudi kwa kampuni ya kwanza kwa mlango wa nyuma. Kisha uliza bei ya siku gani. Ya siku ya kupakia? Wastani wa mwezi? Siku watakayochagua wao? Nimeona mikataba inayosema "bei ya soko" ikaishia hapo, na kila soko liliposhuka ndipo lori lilipofika.

Mizani sasa, ndipo nilipozeekea. Lori lipimwe tupu na lipimwe limejaa, kwenye mizani ile ile, siku ile ile. Msikubali uzito wa lori tupu ulioandikwa kwenye karatasi ya zamani. Kabla halijapanda, angalia kioo kinasoma sifuri. Lori likiwa tupu, dereva na utingo washuke wote. Likirudi limejaa, washuke vilevile. Ukiwaacha ndani wakati wa kupima tupu, kisha wakashuka wakati wa kupima limejaa, umewauzia chuma chenye uzito wa watu wawili kwa bei ya hewa. Chungulia chini ya bodi: tangi la maji lililojaa wakati wa kupima tupu na likafunguliwa nje ya geti kabla lori halijapimwa limejaa ni mchezo wa siku nyingi. Muhuri wa ukaguzi wa mizani uwepo na uwe haujapitwa na tarehe. Makato ya unyevu, udongo na kutu yaandikwe kwenye mkataba yatapimwaje, na sampuli ichukuliwe mbele ya mtu wako.

Kuna vitu ambavyo mkataba lazima uvitenge, kwa sababu vikileta balaa jina litakalotajwa ni lenu. Transfoma za zamani mafuta yake yapimwe kabla mtu hajafungua bomba, kwani baadhi zina PCB, kemikali za sumu zisizooza. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, unaohusu sumu za namna hiyo, uliziwekea nchi wanachama 2025 kuwa mwaka wa kuviondoa kazini vifaa vyenye PCB na 2028 kuwa mwaka wa kumaliza kuviteketeza inavyotakiwa. Betri za risasi ziondoke nzima, na asidi yake ndani. Anayezimwaga asidi uwanjani ili apunguze uzito wa kubeba anawaachia risasi kwenye udongo. Betri za lithiamu ziwe kando kabisa na chuma, maana zikibanwa na mashine ya kukatia zinawaka moto.

Mitungi na vyombo vyote vilivyofungwa vifunguliwe au vitobolewe na mtu anayejua, baada ya kuhakikisha ni vitupu. Maji kidogo ndani ya bomba lililozibwa ncha zote yakifika kwenye chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Wenye tanuri hawana mzaha na jambo hili, watakurudishia lori zima kwa mtungi mmoja.

Nikiwa wewe, ningeweka mapipa ya rangi tofauti pale pale mashine zilipo, si uwanjani, nikampa mtu mmoja dhamana nayo, nikauza kwa miezi michache kwa zabuni ndogo ndogo ili nijue mzigo wangu ni nini hasa. Ndipo nikae mezani na kampuni ya pili. Wakubwa wako wakikwambia ni usumbufu, waonyeshe lile daftari.

Tumenunua mabaki ya jengo lililofungwa. Ndani kuna chombo kidogo lakini kizito ajabu, kimezungushiwa risasi, na kina alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya njano. Tukikate tutoe risasi?

Hapana. Usikikate, usikisogeze, usikikalie. Toka, zuia wengine wasiingie, piga simu kwa mamlaka ya nishati ya atomiki au kikosi cha zimamoto leo, usingoje toleo lijalo. Barua yako niliijibu siku ile ile ilipofika, lakini naichapisha kwa ajili ya wengine.

Goiânia, nchini Brazili, mwaka 1987, watu wawili walitoa kifaa cha tiba ya mionzi kwenye kliniki iliyotelekezwa, kikauzwa kwa mwenye uwanja wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wenye sizi 137, aina ya metali yenye mionzi, unaong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakaupenda, wakagawana, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao binti wa miaka 6. Watu zaidi ya 100,000 walipimwa na 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi. Ndiyo maana viwanda vikubwa vya kuyeyusha vina milango ya kupimia mionzi pale lori linapoingilia.

Majibu ya haraka

Fundi friji aliyeuliza kuhusu kompresa: gesi itolewe kwanza kwa mashine ya kuinyonya, isiachiwe hewani. Kisha toboa sehemu ya chini, mafuta yachuruzike kwenye chombo chenye mfuniko. Kompresa yenye mafuta ndani inakatwa uzito au inakataliwa. Kabla hujaifungua kutafuta shaba, jua kwamba nyingine zina koili za aluminiamu. Ikiwa huna vifaa, iuze nzima kama kompresa, ina daraja lake.

Aliyetuma picha ya bomba jekundu akauliza ni shaba ipi: picha haitoshi. Kata kidogo kwa tupa. Ikibaki nyekundu ni shaba nyekundu, ikigeuka njano ni shaba njano iliyopigwa rangi, na kama sumaku inashika, ni chuma kilichopakwa shaba na umshukuru Mungu hujalipa.